Meno Bandia ya Umma Yapimwe kwa Kutafuna

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na machimbo ya mkoa wa Lualaba yana fungu kubwa ndani yake. Kobalti hiyo haiishii kwenye betri peke yake. Ikichanganywa na kromi hutengenezwa fremu ngumu za kushikilia meno bandia, kazi ambayo mafundi wa meno wanaijua tangu miaka ya 1930. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaupa mkoa wenye machimbo asilimia 25 ya mrabaha na serikali za mitaa asilimia 15, tena inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Kwa hiyo mpango wa umma wa kuwarudishia watu wa mji wa Kolwezi, mkoani Lualaba, uwezo wa kutafuna unaweza kabisa kujadiliwa. Lakini kabla ya faranga ya kwanza kutoka, tukubaliane utapimwaje. Nashikilia kwamba upimwe kwa jinsi wagonjwa wanavyokula muda mrefu baada ya kutoka kliniki, si kwa idadi ya seti zilizogawiwa.

Sababu imo ndani ya taya. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishikilia huanza kupungua. Utafiti wa Antje Tallgren wa mwaka 1972, uliofuatilia wavaaji wa meno bandia kwa miaka hadi 25, ulionyesha kwamba taya la chini hupungua takriban mara nne zaidi ya la juu. Ndiyo maana seti iliyokaa sawasawa siku ya kukabidhiwa huja ikacheza mdomoni na kuchubua fizi, mwenyewe akawa anaivua kila anapokula. Katika ripoti ya ugawaji mtu huyo amehudumiwa. Nyumbani anameza vyakula laini kama bukari na sombe tu, karanga na mahindi ya kuchoma anawaachia wengine. Kumpima hakuhitaji mitambo mikubwa. Watafiti wa meno wamekuwa wakiwatafunisha wagonjwa karanga, kisha wakazichekecha kuona zimesagika kiasi gani. Jaribio hilo, pamoja na maswali machache kuhusu maumivu, chakula na aibu, lifanywe kabla ya matibabu, baada ya miezi 6, na tena baada ya miaka 2.

Kipimo hicho ndicho kitakachotuonyesha pia nani anastahili vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazoshikana na mfupa, ambazo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Mwaka 2002, wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipendekeza kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, vipandikizi viwili vya kushikilia meno bandia viwe chaguo la kwanza. Hata hivyo vipandikizi vinadai usafi wa kila siku, uchunguzi wa mara kwa mara na vipuri vyake, na vipuri vya kampuni moja mara nyingi haviingii kwenye vipandikizi vya nyingine. Mchimbaji anayehama kutoka Kolwezi kwenda Fungurume kufuata madini hawezi kusaidiwa ikiwa kila kliniki ina aina yake. Mkoa uchague aina moja, uanze na wale ambao seti ya kawaida ya chini imewashinda.

Wako watakaosema fedha ziende kwanza kwenye kinga. Kinga ni ya lazima. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Lakini dawa hiyo haioteshi jino lililokwisha kung'olewa, na aliyelipoteza ana haki yake katika mrabaha huohuo. Wengine watasema ufuatiliaji utakula fedha za kuwahudumia watu wengi zaidi. Seti inayolala sandukuni haijamhudumia mtu yeyote, hata ikiwa ilikuwa ya bei nafuu. Heri watu wachache wanaorudi kurekebishiwa. Kwa hiyo mkoa utangaze kila mwaka ni wangapi bado wanakula kwa meno waliyopewa. Kiongozi anayekubali kuhukumiwa kwa hesabu hiyo atalazimika kulipia fundi, vipuri na marekebisho, wala hataridhika na sherehe ya kukabidhi.