Shanga kwa Shanga: Hukumu na Adabu za Kubadilishana Vifaa vya Mapambo



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, katika darasa letu la kazi za mikono wasichana wamekuwa wakitunga shanga kila wiki baada ya Alasiri. Wanatengeneza bangili, vidani, vipuli na tasbihi. Shanga zinapompungukia mmoja, humwendea mwenzake wakabadilishana. Huyu ana nyeupe nyingi, yule ana za buluu, mambo yanakwenda. Sisi walimu tuliliona jambo hili kuwa la kawaida, mpaka siku moja lilipotufundisha sote.

Mwanafunzi mmoja alikuja na kidani cha zamani cha shanga nyekundu za marijani, na katikati yake mlikuwa na vitufe 7 vya fedha. Mwenzake alikipenda sana. Akampa pakiti 3 za shanga za kioo na juu yake bangili 1 nyembamba ya fedha. Wakapeana mikono, wakaridhiana. Jioni ile mama wa msichana wa kwanza akafika madrasa akiwa na wasiwasi. Kidani kilikuwa cha bibi, naye alikuwa amemwazima mjukuu wake akivae siku ya Idi tu. Bibi mwenyewe alivalishwa na mama yake siku ya harusi yake. Kumbe na yule wa pili alikwisha kukifumua, shanga zimetawanyika ndani ya bakuli.

Wasichana wale walilia, na kwa siku kadhaa hawakusemezana. Ndipo tulipoona ni wajibu wetu kulieleza suala hili katika jarida la mwaka huu, ili kila anayetunga shanga ajue lipi la halali, lipi la haramu, na lipi la adabu.

KUBADILISHANA NI BIASHARA

Wengi wetu hudhani kwamba biashara ni mpaka pesa ipite mkononi. Sivyo. Kubadilishana kitu kwa kitu ni aina ya mauzo, na hukumu za mauzo zinaingia humo. Hata wazee wetu wa mwambao waliijua thamani ya shanga. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba vitambaa, waya na mafurushi ya shanga, kwani huko bara chakula na pembe vilinunuliwa kwa vitu hivyo. Shanga nyekundu walizoziita samisami zilipendwa mno, na katika soko la Ujiji shanga zilihesabiwa kama fedha. Basi ushanga si mchezo wa watoto. Ni mali, na mali ya mtu ina heshima yake.

Kwa hiyo kabla hujatoa wala kupokea, jiulize: Je, hii ni zawadi, ni azima, au ni mabadilishano?

Zawadi ni kutoa bila ya kungoja malipo. Ukishapewa na ukapokea, ni chako. Azima ni kutumia kisha kurudisha, na kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi aliyeazima huwa mdhamini wa kitu hicho kikipotea kwa sababu isiyokuwa ya matumizi aliyoruhusiwa. Mabadilishano ni kila mmoja kumiliki cha mwenzake moja kwa moja. Ugomvi mwingi hutokea kwa kuwa mmoja alikusudia azima na mwengine akafahamu zawadi.

Tukumbuke kisa cha Mama wa Waumini Aisha (r.a.), kilichomo katika Sahih al-Bukhari. Aliazima kidani kwa dada yake Asmaa (r.a.), kisha kikampotea safarini. Mtume (S.A.W.) akawatuma watu kukitafuta, na wakati wa sala ukawakuta hawana maji. Hapo ndipo iliposhuka aya ya kutayamamu. Tazameni, ndugu zetu, jinsi watu walivyoshughulishwa na kidani kimoja cha kuazima. Leo sisi tunaazima kitu cha mtu, na tukikipoteza hata kumwambia tunaona uzito.

SHANGA KWA SHANGA INAFAA

Shanga za kioo, plastiki, mbao, mfupa, udongo au marijani si katika mali zinazoingia riba ya mabadilishano. Hivyo inajuzu kubadilishana hata kama idadi hazilingani. Kwa mfano, unaweza kutoa shanga 10 za marijani ukapokea 200 za plastiki, maadamu mmeridhiana. Lakini yapo masharti ya kuzingatiwa:

1. Kitu kiwe chako, au uwe umepewa idhini na mwenyewe. Kuvaa si kumiliki. Kidani cha mama, cha bibi au cha dada hakiwi chako kwa kuwa kimo shingoni mwako.

2. Wanaobadilishana wawe wamebaleghe na wana busara ya kutumia mali. Haya ndiyo madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu hapa mwambao tunayafuata. Kwa hiyo wanafunzi wadogo wasifunge mikataba ya vitu vya thamani. Mzazi au mlezi ndiye afanye kwa niaba yao.

3. Kitu kijulikane. Usiseme, "Nipe kidani chako nami nitakupa shanga nzuri." Zipi? Ngapi? Za nini? Fungueni pakiti, hesabuni, tazameni.

4. Aibu ya kitu isemwe. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake akakuta umajimaji uliofichwa chini. Akamkemea mwenye chakula kile na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Ameipokea Muslim. Basi ikiwa shanga zako zinatoka rangi, zimepasuka, au mpira wake umechakaa, mwambie mwenzako kabla hajapokea.

Ni rahisi kujua kama shanga zinatoka rangi. Ziloweke chache katika maji ya vuguvugu kwa muda wa saa moja, kisha zisugue kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikibaki cheupe, ni salama. Kikitia rangi, zitachafua nguo na ngozi ya mvaaji.

Vilevile imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba wauzianaji wana hiari ya kuvunja mauziano maadamu hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Kwa hiyo msikimbilie kuondoka. Kaeni, tazameni, ulizaneni.

FEDHA NA DHAHABU ZIKIINGIA

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo wasichana wetu walipoteleza bila kujua.

Katika hadithi ya Ubada bin Saamit (r.a.) aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja vitu 6: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Kitu kikibadilishwa kwa jinsi yake, ni lazima kiwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Zikitofautiana jinsi, kama dhahabu kwa fedha, kiasi kinaweza kutofautiana lakini lazima iwe papo kwa papo.

Na kuhusu kidani hasa, ipo hadithi ya Fadhala bin Ubaid (r.a.), nayo pia ameipokea Muslim. Siku ya Khaibar alinunua kidani kwa dinari 12, na kidani hicho kilikuwa na dhahabu na shanga. Alipokitenganisha akakuta dhahabu iliyokuwemo inazidi dinari 12. Akamweleza Mtume (S.A.W.), naye akaamrisha kidani cha namna hiyo kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Sababu yake iko wazi. Dinari ni dhahabu, na ndani ya kidani mna dhahabu. Shanga zimeingia kati, zikaficha uzani, na usawa haukujulikana.

Sasa rejeeni kwa wasichana wetu. Upande mmoja palikuwa na marijani na fedha, upande wa pili shanga za kioo na fedha. Fedha kwa fedha, bila mizani, imechanganyika na vitu vingine kila upande. Hata kama kidani kingekuwa cha yule msichana mwenyewe, mabadilishano yale yasingesihi. Kuridhiana hakuhalalishi riba.

Tufanye nini basi? Njia ameionyesha Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Bilal (r.a.) alimletea tende nzuri za barni, akamwambia kwamba alitoa pishi mbili za tende mbovu akapata pishi moja ya hizo. Mtume (S.A.W.) akalichukia jambo hilo, akamfahamisha kuwa ndiyo riba yenyewe, na akamwelekeza auze kwanza tende mbovu, kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Nasi tufanye hivyo hivyo. Tenganisha vitufe vya fedha na shanga. Shanga zibadilishwe kwa shanga. Fedha ipelekwe kwa sonara, ipimwe, iuzwe kwa shilingi taslimu, kisha kwa shilingi hizo ununue bangili unayoitaka. Na iwe taslimu kweli, si kwa deni, kwani Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC, katika kikao chake cha Amman, Jordan, mwaka 1986, iliamua kuwa noti za leo zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka.

Vitufe na vifungo vingine vinang'aa lakini ni shaba au chuma kilichopakwa rangi tu. Hivyo havina hukumu hii. Ukiwa na shaka, muulize sonara kabla ya kubadilishana.

NAMNA YA KUTUNGA BANGILI

Baada ya kupata shanga kwa njia ya halali, fuateni hatua hizi:

Kwanza, zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, upime kwa rula, kisha ongeza sentimita 1 au 2. Kwa msichana mkubwa bangili ya sentimita 18 humfaa. Shanga za milimita 8 zitaingia kama 22, na za milimita 4 kama 45. Hesabu hii fanya kabla ya kubadilishana, ili usiombe zaidi ya haja yako.

Pili, tandika kitambaa mezani ili shanga zisiviringike, uzipange rangi kwa mpangilio unaoutaka. Ziondoe zilizopasuka tundu, maana hukata uzi.

Tatu, kata mpira mwembamba wa sentimita 30. Uvute mara kadhaa kabla ya kutunga, usije ukalegea baadaye. Bandika gundi ya karatasi mwisho mmoja ili shanga zisichopoke.

Nne, tunga zote, kisha funga fundo mara mbili na ulikaze. Tia tone dogo la gundi, ngoja likauke, kata ncha, na uvute fundo liingie ndani ya tundu la ushanga.

Kwa kidani tumia uzi wa nailoni badala ya mpira. Kidani cha sentimita 45 kinahitaji uzi wa sentimita 65, ili ibaki nafasi ya kufunga kishikizo pande zote mbili. Shanga wekeni mbali na watoto wachanga, kwani huzitia mdomoni zikawakaba.

TAHADHARI YA MWISHO

Shanga ni pambo. Kumfunga mtoto ushanga mkononi kwa kuitakidi kwamba unamkinga na jicho la hasidi ni jambo lililokatazwa. Kinga inatoka kwa Allah (S.W.), na tunaiomba kwa dua na visomo tulivyofundishwa na Mtume (S.A.W.). Na wavulana wanaotunga tasbihi wasisahau kuwa dhahabu ni haramu kuvaliwa na wanaume, hata ikiwa kipande kidogo.

Mtauliza kisa kile kiliishaje. Bakuli la shanga lilirudishwa kwa bibi, na bangili ikarudi kwa mwenyewe. Msichana wa kwanza akamwomba radhi bibi yake, na wa pili akajitolea kukitunga upya. Kilimchukua jioni 2. Bibi alipokivaa alisema, "Wajukuu zangu, mngeniuliza tu." Kisha akachomoa mwenyewe shanga 10 za marijani, na mama wa msichana wa pili akampa pakiti 1 ya shanga za kioo. Wakahesabu mbele yetu, wakaridhiana, na fedha ikabaki pale pale ilipokuwa tangu siku ya harusi.

Wazazi, tunawaomba mjue watoto wenu wanatoa nini na wanapokea nini. Nanyi wanafunzi, ulizeni kabla ya kutoa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie chumo la halali na atuunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.