Jicho la Ziada kwa Refa: Kutoka Kasarani hadi Ziwani

Kila Desemba, mashabiki wa Eastlands, Nairobi, husimama bega kwa bega kandokando ya uwanja wa Umeme, mtaani Ziwani, kutazama Koth Biro. Mashindano haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lake la Kijaluo lina maana kwamba mvua inakuja. Umati husogea mpaka ukakanyaga chokaa ya mstari. Mpira ukigonga mwamba na kudunda chini, upande mmoja hupaza sauti "Goli!" na upande wa pili "Wapi!" Refa anatakiwa kuamua papo hapo, na kifaa chake ni kipenga.

Kasarani, safari fupi ya matatu kutoka Kariobangi, mambo yalikuwa tofauti Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Tanzania na Uganda. Tarehe 10, Harambee Stars walikuwa wakiongoza Moroko kwa bao la Ryan Ogam. Kabla tu ya mapumziko, Chrispine Erambo alitolewa kwa kadi nyekundu baada ya waamuzi wa video, VAR, kuingilia kati. Kenya ilicheza kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji 10, ikalinda ushindi wake wa 1-0. Uamuzi uliuma, lakini ulipita mbele ya kamera kadhaa kabla ya kupitishwa.

Kwa nini macho hayatoshi? Chukua suala la kuotea. Mshika kibendera anapaswa kuona mambo mawili kwa wakati mmoja: mguu unaopiga pasi, na mahali alipo mshambulizi pasi hiyo inapotoka. Huenda wawili hao wako mita 30 mbali. Mshambulizi akikimbia mita 7 kwa sekunde kuelekea goli, na beki akipanda kwa kasi hiyo hiyo, wanapishana kwa mita 14 kila sekunde. Kupepesa jicho huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Kufikia hapo wamepishana mita nzima na zaidi.

Kamera nayo ina mipaka yake. Ya simu, inayonasa picha 30 kwa sekunde, huwakosa wachezaji hao kwa karibu nusu mita kati ya picha moja na nyingine. Ya picha 50 kwa sekunde huacha pengo la sentimita 28. Ndiyo maana katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, FIFA ilifunga kamera 12 chini ya paa la uwanja. Zilifuatilia sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na kifaa kilichowekwa ndani ya mpira kikatuma taarifa mara 500 kwa sekunde ili mguso wa pasi ujulikane barabara.

Mstari wa goli ulipata ufumbuzi mapema zaidi. Mwaka wa 2010, nchini Afrika Kusini, shuti la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani lilivuka mstari peupe, lakini refa na msaidizi wake hawakuliona. Miaka miwili baadaye teknolojia ya goli ikaidhinishwa. Kamera 7 huelekezwa kwa kila goli, kompyuta hukokotoa ulipo mpira, na saa ya refa humpa ishara ndani ya sekunde moja. Hapa hakuna ubishi: mpira wote umevuka au haujavuka.

Rafu haipimiki hivyo. VAR, iliyoingia kwenye sheria za soka mwaka wa 2018, iliruhusiwa wakati huo kugusa mambo manne tu: magoli, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Hata hapo neno la mwisho ni la refa wa uwanjani. Picha ya mwendo wa polepole huonyesha vizuri mahali mguu ulipogusa, lakini inaweza kuifanya rafu ya kawaida ionekane ya kukusudia. Kwa hiyo waamuzi huelekezwa kupima nguvu ya rafu kwa mwendo wa kawaida.

Na mitambo ikikosekana, huzuka balaa. Mei 31, 2019, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mjini Radès, Tunisia, Wydad ya Moroko walikataliwa bao la kusawazisha dhidi ya Espérance. Walidai video itazamwe, kumbe VAR haikuwa ikifanya kazi. Wydad waligoma kuendelea, na kesi ikafika hadi mahakama ya michezo, Lausanne.

Ligi yetu haina VAR. Gharama ni kubwa: kamera nyingi, chumba cha video, waamuzi wa ziada na mafundi. Lakini kuna njia ya kati. Katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 nchini Kolombia, 2024, FIFA ilijaribu mfumo mwepesi usio na waamuzi wa video. Kocha hupewa nafasi mbili za kuomba marudio, na refa hutazama mwenyewe kwenye skrini kando ya uwanja. Ombi likikubaliwa, nafasi yake hubaki. Kamera chache zinatosha.

Mfumo wa aina hii unaifaa City Stadium ya Barabara ya Jogoo na uwanja wa Dandora. Watu wa kuuendesha hawako mbali: MYSA, shirika la michezo la vijana wa Mathare lililoanzishwa mwaka wa 1987, limewafunza vijana wa mitaa hii urefa, na skrini haimsaidii refa asiyeijua sheria.

Kenya itaandaa Kombe la Afrika la 2027 pamoja na Uganda na Tanzania, na VAR italetwa. Shirikisho la soka na serikali ya kaunti zisiache ujuzi huo uondoke pamoja na wageni. Waanze sasa kuwafunza marefa wa Eastlands kusoma marudio ya video, na wanunue kamera nne za kuanzia.