Sanduku la Mwanga Kabla ya Skana

Bahasha ya studio yenye negativu ni kitu cha kawaida katika makabati ya Upanga, Dar es Salaam, na mara nyingi haijaguswa tangu siku picha ziliposafishwa. Siku hizi mwenye bahasha hiyo humtafuta kwanza mtu mwenye skana. Kwa maoni yangu, hapo anaruka hatua. Familia ianze na sanduku la mwanga, kwa sababu kazi ya mwanzo ni kutambua nani ni nani, na wanaoweza kutambua wanazeeka, kama filamu yenyewe. Filamu nyingi za karne iliyopita ni za selulosi asetati, ambayo joto na unyevu huivunjavunja hadi ikatoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, inakadiria kwamba filamu mpya ya aina hiyo, ikitunzwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, huchukua miaka 40 hivi kabla ya kuanza kuoza. Upanga iko jirani na bahari. Joto na unyevu wake huzidi hapo karibu mwaka mzima. Bahasha ikinuka siki, ianze hiyo.

Je, kuinyanyua negativu mbele ya dirisha au taa ya dari hakutoshi? Hospitali ya Muhimbili iko Upanga hapa hapa, na katika enzi za filamu za eksirei madaktari hawakuzisoma kwa kuzielekeza kwenye globu. Walizipachika kwenye sanduku lenye uso mweupe unaong'aa sawasawa. Sababu iko machoni. Jicho hujirekebisha kufuata sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote, na globu ikiwa nyuma ya picha, sura iliyo pembeni humezwa. Kwenye negativu shida huongezeka, kwani kanzu nyeupe huonekana nyeusi na mvi huonekana kama nywele za kijana. Ili usome sura iliyopinduliwa hivyo ndani ya kifremu cha milimita 24 kwa 36, mwanga lazima utulie.

Kwa sanduku la kujitengenezea, mwanga mkali si lazima. Kinachohitajika ni nafasi kati ya taa na uso wa sanduku. Mkanda wa taa za LED wa volti 12, adapta yake na kipande cha plastiki nyeupe ya maziwa, ile ya mabango ya maduka, vyote ni bidhaa za Kariakoo. Bandika mikanda kwenye sakafu ya sanduku la plaiwudi lililopakwa rangi nyeupe ndani, mstari na mstari ukiachana sentimita 4, kisha plastiki ikae sentimita 10 juu yake. Ukiishusha hadi sentimita 2, nukta za taa zitajichora juu ya nyuso za watu. Hatua inayopuuzwa mno ni ya mwisho: kata manila nyeusi yenye dirisha la ukubwa wa ukanda wa negativu, uilaze juu ya plastiki, ili mwanga wa pembeni usikupofushe. Ubora wa rangi ya taa usikusumbue sana kwa negativu. Una uzito kwa slaidi za rangi, ambazo zinataka taa ya kelvini 5000 hivi yenye uaminifu wa rangi (CRI) unaozidi 90.

Kuna watakaosema kioo cha simu kikiwa cheupe kinafanya kazi hiyo hiyo. Kwa kutazama haraka, sawa. Lakini weka lenzi ya kukuzia utaona vijinukta vya kioo vimechanganyika na chembe za filamu, na kioo chenyewe ni kidogo mno kwa bahasha nzima. Simu ifanye kazi nyingine: washa kamera, weka mpangilio wa kugeuza rangi, uishike juu ya sanduku, na bibi ataona kwenye kioo kanzu ikirudi kuwa nyeupe. Ukanda ulale upande unaong'aa ukiwa juu, maandishi ya ukingoni yasomeke sawa. Ukiulaza kinyume, kushoto kunakuwa kulia. Bibi anapotaja jina, liandikwe palepale kwa penseli juu ya bahasha mpya ya karatasi, kabla ukanda haujaingizwa ndani.