Mbuzi Mwenye Koti la Ndani

Mbuzi tuliyemzoea sisi ni wa nyama choma na wa mahari. Yuko mwingine huko Mongolia, nchi iliyobanwa kati ya Urusi na China, ambaye mali yake imo katika manyoya yaliyofichika chini ya manyoya. Sufu hiyo huitwa kashmiri. Sweta moja lake madukani Ulaya laweza kula pesa za kununua mbuzi wawili watatu hapa kwetu.

Mbona mbuzi wetu hana? Jibu ni baridi. Kipupwe cha Mongolia hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hivyo mbuzi huota koti la ndani, laini kama malaika ya mtoto mchanga. Unywele wake mmoja haufiki maikroni 19, ilhali wa binadamu ni kama 70. Na huku Turkana, koti la nini?

Baridi ikipungua, kama mwezi wa Aprili, koti hilo huanza kung'oka lenyewe. Mfugaji humlaza mbuzi, humfunga miguu, kisha humchana polepole kwa kitana cha chuma chenye meno marefu yaliyopinda. Mbuzi mmoja hutoa gramu 250 hadi 300 tu, na kiwandani singa ngumu zikishaondolewa hubaki nusu hivi. Ndiyo sababu sweta moja lataka mbuzi wanne hivi. Pesa hizo za mara moja kwa mwaka ndizo hulipa deni la unga na chai lililokopwa dukani wakati wa theluji, na ndizo huwasomesha watoto, ambao wengi hulala bwenini kwa kuwa wazazi wanahamahama. (Sisi wa shule ya kutwa tunaolalamikia kutembea, tusikie hayo!)

Sasa sikiza matata yalipoanzia. Tangu jadi Wamongolia hufuga wanyama wa aina tano: farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi, na mbuzi hawakuwa wengi. Enzi ya ujamaa mifugo mingi ilikuwa ya vyama vya ushirika vya serikali. Vyama hivyo vilipovunjwa miaka ya 1990 kila mtu akabaki na mifugo yake, na soko likafunguka, hasa la China. Mwaka 1990 kulikuwa na mbuzi milioni 5 hivi. Kufikia 2019 walipita milioni 25, katika nchi yenye watu milioni 3 na ushei.

Wengi humlaumu mbuzi kwamba hung'oa nyasi hadi mizizi na kwato zake hutifua udongo. Ni kweli, lakini mimi simtii mbuzi hatiani. Dalali akinunua kwa kilo, mfugaji afanyeje ila kuongeza mbuzi?

Malisho yakishachoka, huja janga liitwalo zud: kiangazi kikavu, kisha theluji na barafu inayofunika nyasi hata mnyama asizifikie. Zud ya 2009 na 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8. Ya 2023 na 2024, zaidi ya milioni 7. Aliyepoteza zizi zima huhamisha hema lake hadi kandokando ya mji wa Ulaanbaatar, akatafute kibarua. Ndugu zetu wa Marsabit waliopitia ukame wa 2020 hadi 2023 hawahitaji kufafanuliwa haya.

Dawa ipo, ila ni chungu. Kuna wafugaji waliojiunga pamoja, wakakubaliana kupumzisha sehemu ya malisho, kuchagua sufu kwa ubora na kuiuza bila dalali. Sustainable Fibre Alliance, shirika lililoanzishwa 2015, huwasaidia baadhi yao. Humo hufundishwa pia kupunguza mbuzi wazee, kwa kuwa mbuzi akizeeka sufu yake huwa nene na bei yake hushuka. Lakini mbuzi mzee naye ana gramu zake. Mnunuzi asipoongeza bei ya sufu nyembamba, mfugaji atamwacha azidi kula nyasi, maana deni la dukani halingoji malisho yaote.