Somo kwa Mkristu Anayengoja Kupasuliwa



Ndugu wasikilizaji, wazee wetu na mama zetu wa Kasongo na Kabambare, leo twaeleza jambo linalowasumbua Wakristu wengi vijijini. Mtu ana ngiri tangu zamani. Mwuguzi wa kituo cha afya amempa barua ya kwenda hospitali kuu, naye daktari amemwekea siku ya kupasuliwa. Tangu hapo usingizi umemtoka. Auliza moyoni: Je, nitaamka? Je, woga wangu ni upungufu wa imani?

1. Je, kuogopa ni dhambi?

Sivyo. Bwana wetu mwenyewe alipatwa na hofu katika bustani ya Getsemani. Tutazame alivyofanya. Hakuwaficha wafuasi wake huzuni yake. Alitaka watatu kati yao wakeshe karibu naye. Akamwomba Baba, kisha akajiweka mikononi mwake. Anayengoja kupasuliwa afanye vivyo hivyo: aseme hofu yake, asikae peke yake, asali.

2. Kwa nini tusiikimbie siku iliyopangwa?

Ngiri hutokea utumbo unapopenya katika tundu la misuli ya tumbo. Dawa ya kunywa haizibi tundu hilo, wala chale, wala hirizi. Kwa kuwa uvimbe hurudi ndani mtu akilala, twasema: Nitakwenda baada ya kuvuna mpunga. Lakini siku moja utumbo waweza kubanwa pale. Uvimbe huwa mgumu, haurudi tena, maumivu huwa makali, mgonjwa hutapika, choo na hewa havitoki. Utumbo uliokosa damu huoza upesi, na mtu hufa. Mkiona dalili hizo, msingoje asubuhi. Mpelekeni saa ileile.

Basi lipi lililo bora: kwenda mapema ukiwa na nguvu, au kubebwa kwa kipoyi usiku wa mvua, toka Kabambare hata Kasongo? Hatusemi kwamba kupasuliwa hakuna hatari. Twasema hatari ya siku iliyopangwa ni ndogo kuliko ile ya siku ya haraka.

3. Usingizi wa daktari

Zamani wagonjwa walishikwa kwa nguvu na kukatwa wakiwa macho. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa uvimbe wa shingo. Tangu hapo mambo yalibadilika. Siku hizi mwenye ngiri mara nyingi hupigwa sindano mgongoni: miguu hufa ganzi, naye hukaa macho. Akisikia kuguswa au kuvutwa, asidhani kwamba dawa imeshindwa. Baada ya saa chache miguu huamka.

Wengine huuliza: Je, kukwepa maumivu si kuukataa msalaba? Papa Pio XII aliwajibu madaktari tarehe 24 Februari 1957 kwamba Mkristu aweza kupokea dawa ya kuondoa maumivu.

Tena, hospitali itakuamuru kufunga. Desturi ni kuacha chakula saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla. Lakini fuata saa utakazopewa. Sababu yake ni hii: mtu akilala kwa dawa, chakula chaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Mfungo huu si wa toba. Anayekula ugali kwa siri akisema Mungu husamehe, ajue kwamba Mungu husamehe, bali mapafu hayasamehe. Wala usinywe lutuku ili kupata ushujaa. Ukitumia dawa za miti, mwambie mwuguzi bila haya.

4. Mafuta matakatifu si tangazo la kifo

Padre akija na mafuta, wengine huanza kulia kilio cha matanga. Ndivyo tulivyozoea, maana Sakramenti hiyo iliitwa Mpako wa Mwisho. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano II ulifundisha kwamba yafaa zaidi iitwe Mpako wa Wagonjwa, nayo si ya wanaokata roho tu. Katika utaratibu wa Papa Paulo VI wa mwaka 1972, mgonjwa aweza kupakwa kabla ya kupasuliwa, ikiwa ugonjwa wa hatari ndio sababu ya kupasuliwa. Padre ndiye ataamua. Sisi wakatekista twaweza kusali nawe, lakini hatuwezi kukupaka. Kwa hiyo mwone padre kabla ya safari, uungame na kupokea Komunyo.

5. Kazi ya jamaa

Mpangeni mapema nani atalinda watoto, nani atapika hospitalini, nani yuko tayari kutoa damu ikihitajiwa. Msimletee mgonjwa habari za waliokufa. Akiota marehemu, mwambieni kwamba ndoto si hukumu. Usiku wa mwisho na avute pumzi polepole, akisema jina la Yezu kila anapoitoa. Moyo unaokwenda mbio hutulia hivyo.

Maswali ya kukumbuka

Je, woga ni dhambi? — Woga si dhambi; Yezu mwenyewe aliujua.

Kwa nini tusiahirishe? — Kwa sababu ngiri iliyobanwa huua upesi.

Mpako ni wa nani? — Ni wa mgonjwa aliye hatarini, ili apate nguvu.

Azimio: Leo jioni, kama nyumbani mwenu yuko aliyeificha barua ya hospitali, keti naye, muisome pamoja.