Ufunguo wa Sanduku

Wasomaji wenzangu, muhula uliopita darasa letu lilichanga pesa za kumsaidia mwenzetu aliyefiwa na babake. Mweka hazina alikuwa mmoja, na ufunguo ulikuwa mmoja. Akaugua, akaenda nao kwao. Mazishi yakapita pesa zikiwa sandukuni. Hakuiba hata senti, jamani! Ndipo nikajiuliza, je, matajiri wenye mifuko mikubwa ya misaada hufanyaje?

Chukueni Wakfu wa Gates wa Marekani, ulioanzishwa mwaka wa 2000. Kwa miaka mingi wadhamini wake walikuwa wachache mno: Bill Gates, babake hapo awali, mkewe Melinda, na Warren Buffett, aliyetangaza mchango wake mkubwa mwaka wa 2006. Mei 2021 mume na mke wakatangaza kuachana. Juni, Buffett akajiuzulu. Basi mabilioni ya dola ya chanjo na malaria yakabaki mikononi mwa watu wawili wanaopeana talaka! Wadhamini wengine waliongezwa Januari 2022, akiwemo Strive Masiyiwa wa Zimbabwe. Melinda naye akaondoka mwaka wa 2024.

Wengine husema eti pesa ni zake, afanye apendavyo. Mimi sikubali. Sheria ya Marekani humpunguzia mtoaji kodi, kwa hiyo umma nao umechangia. Tena mgonjwa anayengojea dawa hampigii mdhamini kura. Gates alitangaza mwaka wa 2025 kwamba wakfu huo utafungwa mwisho wa 2045. Uamuzi huo nao, mgonjwa hakuulizwa.

Sisi tumenunua kufuli la pili.