Uzi: Elimu ni bure, sasa hii pesa ya madawati ni ya nini?

1/ Kila msimu wa siasa wimbo ni ule ule. Upande mmoja unasema elimu ni bure, serikali inalipa kila kitu. Upande wa pili unasema wazazi wanaibiwa mchana. Nimebishana hapa miaka mingi kuhusu hiyo maneno, na leo nakiri: mpaka mwaka huu sikuwa nimekanyaga mkutano wa wazazi hata siku moja. Kama kawaida ya huu ukurasa, hatutaji chama wala mheshimiwa yeyote.

2/ Mtoto wangu yuko gredi ya tano, shule ya umma hapa Eldoret. Januari, Ijumaa jioni, ujumbe ukaingia kwa grupu ya WhatsApp ya darasa: kila mtoto alete shilingi 1,500 za madawati na za mwalimu wa bodi, "kama ilivyokubaliwa". Ambaye hana, akae nyumbani kwanza. Nikawaka. Nikaanza kuandika uzi wa matusi. Mama watoto akaniuliza, "Ilikubaliwa na nani? Wewe ulikuwa?" Sikuwa.

3/ Basi tuanze na msingi. Ile tunayoita PTA, sheria ya sasa inaiita Chama cha Wazazi. Iko kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 55. Ukiwa na mtoto katika shule hiyo, wewe ni mwanachama tayari. Hakuna kadi, hakuna kujiandikisha. Chama kina kamati tendaji: mzazi mmoja kutoka kila darasa, pamoja na walimu wawili.

4/ Usichanganye hicho chama na bodi ya shule, ile watu huita BOM. Bodi ndiyo husimamia shule na mali yake. Kwa kifungu cha 56, wawakilishi sita wa bodi wanachaguliwa kuwakilisha wazazi. Wadhamini wana watatu, walimu wana mmoja, Bodi ya Elimu ya Kaunti ina mmoja. Yaani hakuna kundi lenye viti vingi kuliko wazazi. Halafu sisi ndio hao tunaosema "shule ndio wameamua".

5/ Sasa pesa. Kazi moja ya Chama cha Wazazi ni kujadili na kupendekeza michango. Shika hilo neno kupendekeza. Kifungu cha 29 kinasema shule ya umma haiwezi kumtoza mtoto Mkenya karo ya masomo. Ada nyingine zinaweza kuwepo, lakini kwa kibali cha Waziri wa Elimu akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti.

6/ Kifungu hicho hicho kina mambo mawili ambayo kila mzazi angekariri. La kwanza: mtoto hawezi kukataliwa kuhudhuria shule kwa sababu hizo ada hazijalipwa. La pili: hakuna mtu kukusanya pesa bila kutoa risiti rasmi. Kwa hivyo "ilipita, watu waliinua mikono" haitoshi. Mikono ya wazazi ni pendekezo, si kibali. Na hata kibali kikipatikana, mtoto hafukuzwi.

7/ Hapo nilikuwa tayari kutangaza ushindi. Lakini uzi wa haki lazima uangalie na meza ya mwalimu mkuu. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza 2003, mgao wa serikali ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Baadaye ukafika 1,420. Wa sekondari ya msingi, yaani gredi ya saba hadi tisa, ni 15,042. Wa shule ya upili ya kutwa ni 22,244.

8/ Chukua hiyo 1,420 ugawe kwa miezi tisa ya masomo. Unapata kama shilingi 158 kwa mwezi. Hapo kuna maji, stima, choo kimeziba, kufuli, mlinzi wa usiku. Na haiji yote mara moja: mpango ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Ikichelewa, mwenye duka anayekopesha shule hachelewi kupiga simu.

9/ Na mwalimu wa bodi ni nani? Walimu wa umma huajiriwa na TSC. Shule ikikosa walimu wa kutosha kutoka huko, bodi inatafuta wake, na mshahara wake mara nyingi unatoka kwa mfuko wa mzazi. Kwa hivyo anayesema "elimu ni bure kabisa" hajamaliza sentensi. Na anayesema "mwalimu mkuu ni mwizi" hajamaliza pia.

10/ Hapa ndipo wanasiasa wanatuchezea, kwa sababu hatujui nani anafanya nini. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa.

11/ Kwa hivyo MCA akisimama kwa mazishi akaahidi walimu wa gredi ya tano, mpigie makofi kama unapenda, lakini hiyo si kazi yake. Akiahidi darasa la chekechea, hilo mwandikie tarehe na umdai. Mbunge naye akizindua madarasa ya NG-CDF, ni sawa, madarasa tunahitaji. Lakini ni pesa ya ushuru wako. Huyo hajauza ng'ombe wake.

12/ Turudi kwa mkutano. Nilienda. Wazazi tumekaa kwa madawati ya watoto, magoti yamegusa kifua, vumbi la Januari linaingia kwa dirisha. Mheshimiwa mmoja wa eneo letu alifika, akaongea karibu saa nzima juu ya vile Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024 na vile maendeleo yako njiani. Tulipofika kwa hesabu za shule, alikuwa ameshaondoka. Ana mkutano kwingine.

13/ Mwenyekiti akasoma: madawati na mwalimu, 1,500 kila mtoto, wanaokubali wainue mikono. Ikaanza kuinuka. Hapo mama mmoja anayeuza maziwa akasimama. "Mwalimu, mimi sikatai kulipa. Niko na watoto watatu hapa, hiyo ni elfu nne mia tano, na mahindi tulipeleka bado hatujalipwa. Nauliza tu. Ile ya mwaka jana ilinunua madawati ngapi?"

14/ Kimya. Mwenyekiti akasema, "Mama, hiyo ni maneno ya kamati." Mzee mmoja nyuma akauliza polepole, "Na kamati ni ya nani?" Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Nikapata nguvu, nikasoma kifungu cha 29 kwa simu. Sauti ilikuwa inatetemeka, sitadanganya. Kuandika huku ni rahisi. Kusimama mbele ya mwalimu wa mtoto wako ni kitu kingine.

15/ Nilitarajia mwalimu mkuu akasirike. Akafungua faili. Madawati yalinunuliwa, lakini machache kuliko tuliyoambiwa. Pesa iliyobaki ilimlipa mlinzi na deni la duka, kwa sababu mgao wa serikali ulikuwa umechelewa. Alikuwa na stakabadhi. Ila hakuna mtu aliwahi kutuambia, na hakuna mtu aliwahi kuuliza. Mwaka mzima tulikuwa tunanong'ona kwamba pesa imeliwa.

16/ Mimi sisemi kila shule iko hivyo. Kuna mahali pesa huliwa kweli. Nasema huwezi kujua tofauti kama hujaona karatasi. Na kubadilisha matumizi ya pesa ya watu bila kuwaambia bado ni kosa, hata kama mlinzi alistahili mshahara wake. Mwalimu mkuu alikubali hilo mbele ya wote. Nilimheshimu.

17/ Tulichoamua: mapato na matumizi yabandikwe kwa ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula. Pendekezo lipelekwe kuombewa kibali kabla ya shilingi kukusanywa. Kikija, anayelipa kidogo kidogo aruhusiwe na apewe risiti kila mara. Na hakuna mtoto kubaki nyumbani. Jumatatu wote waliingia darasani, hata wale watatu wa mama wa maziwa.

18/ Kwa hivyo wewe unayesoma hapa, ukitumiwa ujumbe kama ule, uliza mambo manne kabla ya kulipa au kutukana. Mkutano ulikuwa siku gani, na kumbukumbu zake ziko wapi? Kibali kiko wapi? Risiti nitapata? Pesa ya mwisho ilifanya nini? Uliza kwa adabu, na ikiwezekana mkiwa wazazi kadhaa. Mzazi mmoja huitwa msumbufu. Wazazi kumi huitwa mkutano.

19/ Ukinyimwa majibu, kuna njia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi lako lijibiwe ndani ya siku 21. Andika barua, baki na nakala. Ukipuuzwa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamishi. Mtoto akifukuzwa kwa sababu ya ada, nenda kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo hiyo siku hiyo hiyo, usingoje muhula uishe.

20/ Na sheria haimfungi mwalimu peke yake. Kifungu cha 30 kinafanya masomo ya msingi na ya upili kuwa ya lazima, na kumpeleka mtoto shuleni ni jukumu la mzazi. Huwezi kumweka mtoto nyumbani ili kumkomesha mwalimu mkuu. Anayekomeshwa hapo ni mtoto.

21/ Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Mikutano mingi huitwa siku za kazi, asubuhi. Anayeuza maziwa, anayelima vibarua, anayeendesha boda, huyo hawezi kuja, na ndiye 1,500 inamuumiza zaidi. Wanaoweza kuja ni wale kama mimi, ambao tukipenda tungelipa tu tunyamaze. Ukitaka kujua mkutano ni wa nani, angalia saa umeitwa.

22/ Tulipofika kuchagua mwakilishi wa gredi ya tano, watu walimtaja yule mama. Akakataa: anaamka saa kumi usiku kukamua. Akanionyesha kwa kidole. "Huyu ana wakati wa kuandika kwa simu. Achukue hii kazi." Kenya ukiuliza swali unapewa kamati. Basi sasa mimi ndiye mwakilishi, na kazi yangu ya kwanza ni kuomba mkutano ujao uwe Jumapili alasiri, watu wakitoka kanisani.

23/ Mwanasiasa akija kwenu na wimbo wa elimu bure, msimuulize kama ni bure. Muulizeni mgao wa kila mtoto ni shilingi ngapi, unafika lini, na ofisi yake inahusika wapi kwa hiyo safari. Maswali wekeni hapa chini. Majina ya shule na ya walimu msiweke, hayo pelekeni mkutanoni.